AC inapiga baridi barabarani, foleni inageuka joto: kabla hujaongeza gesi tena

Shikamoo fundi.

Mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Naishi Mbezi, gari ni Toyota IST ya bosi, napeleka hesabu kila Jumamosi. Shida yangu ni AC. Gari ikiwa inatembea, tuseme nimepata njia nyeupe kutoka Kimara, AC inapiga baridi mpaka abiria wa nyuma anaomba nipunguze. Nikinasa foleni Ubungo au Magomeni, dakika chache tu upepo unaanza kuwa vuguvugu, halafu joto kabisa. Foleni ikifunguka, baridi inarudi yenyewe. Asubuhi mapema na usiku sina tatizo kubwa hata nikisimama.

Nilienda kwa fundi AC, akachomeka mpira wa geji, akasema gesi imepungua, akaongeza. Nikaona nafuu kidogo, ikarudi kulekule. Nikarudi kwake, akaongeza tena. Safari hii imekuwa mbaya zaidi: kwenye foleni nasikia "ta!" chini ya boneti, AC inakata, inakaa, inashika, inakata. Injini nayo inakuwa nzito, nikiondoka kwenye taa gari inavuta kwa shida. Sasa fundi anasema kompresa imechoka, nimpe laki tatu anitafutie ya mtumba Kariakoo. Bosi anasema AC siyo matengenezo ya lazima, kama naitaka nigharamie mwenyewe. Abiria wananipunguzia nyota, na joto la mwezi huu wa pili unalijua.

Mengine ambayo pengine yatakusaidia: upepo kwenye matundu ya dashibodi una nguvu, mkanda ni mpya, na gari haijawahi kuchemsha. Feni ya rejeta iliungua mwezi wa kumi na moja, fundi umeme akafunga nyingine ya mtumba. Nifanyeje fundi, ninunue hiyo kompresa?

Dereva wa Mbezi

*

Marahaba, kijana wangu.

Usinunue kompresa. Barua yako imejieleza vizuri, ila jambo zito kuliko yote umelitupia mwishoni kama nyongeza: feni iliyobadilishwa mwezi wa kumi na moja. Hukusema AC ilianza lini kusumbua. Kumbuka vizuri. Kama kabla ya feni kuungua ilikuwa inapoza hata ukisimama, basi nusu ya kazi imeshafanyika.

Tuanze na gesi, maana ndiko hela yako ilikokwenda. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye paipu miaka na miaka, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Fundi anayekuambia "imepungua" bila kukuonyesha inapotokea, anakuuzia gesi, hajatengeneza gari. Tena, gari lenye gesi pungufu kweli linaweza kuonyesha unafuu kidogo likikimbia, kwa sababu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inazunguka haraka, lakini halipigi baridi mpaka abiria aombe upunguze. Ukishaona baridi ya namna hiyo barabarani, jua gesi ipo, kompresa inasukuma, na ndani ya dashibodi kuko sawa. Kinachobadilika ukisimama ni kimoja: upepo unaopita mbele ya gari.

Ile sinia nyembamba ya alumini iliyo mbele ya rejeta, ukichungulia kwenye grili unaiona, ndiyo kondensa. Kazi yake ni kutupa nje joto lote ambalo AC imelikusanya ndani ya gari. Gari likitembea, upepo wa barabara unaifanyia kazi hiyo bure. Likisimama, anayebaki ni feni peke yake. Feni ikiwa dhaifu, au kondensa ikiwa imeziba, joto linakosa pa kwenda, presha inapanda, na gesi inarudi ndani ikiwa haijapoa. Ni sawa na friji iliyobanwa ukutani: inanguruma siku nzima na maji hayapati ubaridi.

Asubuhi na usiku unapona kwa sababu hewa ya nje yenyewe ina nafuu. Mchana wa Februari, juu ya lami, nyuma ya lori linalonguruma, kondensa yako inavuta hewa yenye joto kuliko hata hilo linalotangazwa kwenye redio.

Sasa feni. Kwenye gari kama lako feni imefungwa nyuma ya rejeta, upande wa injini, na inatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele: inapita kondensa, inapita rejeta, inaishia kwenye injini. Mota yake ni ya umeme wa betri. Ukibadilishana waya mbili tu, inazunguka kinyume. Feni za mtumba nyingi huja na soketi isiyoingiana na ya gari, fundi anakata, anaunga kwa kukisia, anawasha, anaona inazunguka, anachukua hela yake. Inazunguka ndiyo, lakini kuelekea wapi? Ikizunguka kinyume inachukua joto la injini, inalipitisha kwenye rejeta iliyo moto, inalipuliza juu ya kondensa yako. Ukisimama ni hilo tu linalofanyika. Ukikimbia, upepo wa barabara unaishinda nguvu, baridi inarudi. Sikwambii kwamba ndicho kilichotokea kwako, sijaliona gari. Lakini dalili zako zinafanana nacho mno, na kukipima hakuhitaji hata senti.

Fanya hivi mchana wa joto, kabla hujaingia barabarani. Simamisha gari, weka P, vuta hendibreki, injini iwake, AC washa ya mwisho. Chukua karatasi nyepesi, hata risiti ya kituo cha mafuta, isogeze mbele ya grili, usawa wa feni ilipo. Inatakiwa inaswe, ibandike kwenye grili uiache mkono bado ikae. Ikisukumwa kukurudia, feni inazunguka kinyume na habari imeishia hapo, mrudie fundi umeme akageuze waya. Isipovutwa wala kusukumwa, huenda feni haizunguki kabisa, au inazunguka kivivu kwa sababu kaboni za mota zimelika, au lile kava la plastiki linaloizunguka halipo, hivyo inavuta hewa ya pembeni badala ya kupitisha kwenye kondensa. Hilo kava mafundi wengi huliacha nje wakibadilisha feni, wanaona ni pambo. Siyo pambo. Na usiingize mkono wala kitambaa karibu na feni, inaweza kujiwasha wakati wowote.

Karatasi ikinasa vizuri, nenda kwenye kipimo cha pili, maji. Acha injini iwake hapohapo, subiri AC igeuke vuguvugu kama inavyofanya kwenye foleni. Mwambie mtu akae ndani na mkono kwenye tundu la dashibodi. Wewe chukua maji safi kwenye chupa, yamwagie taratibu kondensa kupitia grili, eneo lote, kutoka juu. Kama ndani baridi inarudi baada ya muda mfupi, umepata jibu ambalo geji ya fundi wako haikukupa: kompresa ni nzima, tatizo ni joto kushindwa kutoka. Kama maji hayaleti tofauti yoyote, hapo tutaongea mengine.

Maji yakikupa jibu na feni iko sawa, mshukiwa wa kwanza ni kondensa chafu. Uchafu wenyewe mara nyingi huuoni kwa mbele. Unakaa katikati, kati ya kondensa na rejeta: vumbi, mabawa ya wadudu, nyuzi na manyoya vimeshonana vikawa kama kipande cha blanketi. Hauoshwi kwa ile mashine ya presha ya pale wanapokuoshea gari. Presha ile inalaza mapezi ya alumini, na mapezi yakishalala hewa haipiti tena. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, rejeta ilegezwe kidogo kutoka kondensa, maji ya bomba la kawaida yapitishwe kutoka nyuma kuja mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Ni kazi ya muda, fundi atalalamika, mwache alalamike.

Sasa nirudi kwenye ule mlio wa "ta!" Huo ni klachi ya kompresa inashika na kuachia. Kwenye paipu za AC kuna swichi ya presha. Presha ikishuka kupita kiasi inakata kompresa, na ikipanda kupita kiasi inakata pia, ili mipira isipasuke. Kwenye Toyota nyingi kikomo cha juu ni kama psi 450 (psi ni kipimo cha presha). Gari lako lilikuwa linahangaika kutoa joto kwa gesi yake ya kawaida. Fundi akaongeza, akaongeza tena. Gesi ya ziada inajaa kwenye kondensa ikiwa kimiminika na kuipunguzia nafasi ya kutolea joto, hivyo presha imepanda mpaka swichi inaingilia. Ule uzito wa injini unaouhisi kwenye taa ni kompresa inayosukuma dhidi ya presha hiyo. Kwa maneno mengine, dawa uliyouziwa ndiyo imeongeza ugonjwa.

Wala si vigumu kuzidisha. Gari dogo kama lako linabeba gesi kama nusu kilo, mara nyingi pungufu ya hapo. Kiasi kamili kimeandikwa kwa gramu kwenye stika chini ya boneti, pamoja na jina la gesi, R134a. Kwenye ujazo mdogo hivyo, gramu mia za ziada ni nyingi. Fundi wako alipima kwa mzani? Naamini hapana. Alichomeka mpira mmoja, wa bluu, akaangalia sindano, akafungua mtungi.

Geji ni mbili, ya bluu inasoma upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa, na ya bluu peke yake haitoshi. Injini ikiwa imezimwa muda na gari limepoa kivulini, zote mbili zitasoma namba moja, na kwa joto la nyuzi 30 R134a itasoma kama psi 97. Namba hiyo inakuambia kwamba kuna gesi ya kimiminika humo ndani, haikuambii ni kiasi gani. Wapo mafundi wanaoisoma hiyo na kutoa hukumu. Kipimo cha maana kinafanyika injini ikiwaka, ikishikiliwa kama mizunguko 1,500 kwa dakika, AC ya mwisho. Kwa joto la Dar mchana, ya bluu ikicheza kati ya 30 na 45 hivi, na nyekundu kati ya 200 na 250 au zaidi kidogo, uko salama. Nadhani kwako ya bluu itakuwa imepita 50 na nyekundu imepita 300, na ukimwagia maji nyekundu itashuka ukiitazama. Mwambie fundi afanye hivyo mbele yako.

Zikiwa juu zote mbili, gesi imezidi au joto halitoki, au kuna hewa ya kawaida iliyoingia kwenye mfumo. Zikiwa chini zote mbili, gesi ni pungufu, tafuteni panapovuja. Hukumu ya kompresa inakuja pale ya bluu inapokuwa juu na nyekundu ikawa chini, zinakaribiana, na hata ukikanyaga mafuta haziachani. Hapo ndipo fundi ana haki ya kusema imechoka. Kwa gari linalogandisha abiria Kimara, nitashangaa sana akiipata picha hiyo.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi yako ni huu. Kwanza karatasi na maji, bure. Pili feni na kuosha. Tatu, na hili usiliruke maana sasa gesi imezidi, tafuta gereji yenye mashine ya kuvuta gesi kuiweka kwenye mtungi, wasiifungulie hewani. R134a haitoboi tabaka la ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa, na ndiyo maana gesi za jamii yake ziliingizwa kwenye makubaliano ya Kigali mwaka 2016 zipunguzwe hatua kwa hatua. Ikishatoka yote, wafunge pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu wote, angalau nusu saa, waizime, waangalie kama sindano inatulia. Ikipanda yenyewe, kuna tundu. Ikitulia, wajaze kwa mzani kiasi cha kwenye stika. Kisichozidi. Fundi akikuambia huku kwetu kuna joto kwa hiyo tuongeze kidogo, chukua funguo zako uondoke.

Uliza pia gesi wanaitoa kwenye mtungi gani. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamehudumiwa Vietnam yalilipuka na kuua watu, na chanzo kilichobainika ni gesi bandia iliyouzwa kwa jina la R134a ikiwa imechanganywa na gesi nyingine inayopambana na alumini. Mtungi usio na lebo ya kueleweka na wenye bei ya kutupa, uache kwa mwenyewe. Na anayetaka kukuwekea gesi ya jikoni, eti inapoza zaidi, mkimbie. Inapoza kweli. Ikivuja ndani ya gari inawaka kweli pia.

Kuhusu hiyo kompresa ya laki tatu, nikupe sababu nyingine ya kutoharakia. Kompresa ya mtumba ambayo imekaa dukani midomo wazi imeshavuta unyevu, na oili ya AC inapenda unyevu kupita kiasi. Ukiifunga bila kubadilisha draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, na bila kusafisha paipu, maji hayo yataganda kwenye ekspansheni, ile valvu nyembamba inayopitisha gesi, AC itakuwa inapoza na kukata bila mpangilio, na utaanza safari mpya ya mafundi. Kama kompresa ya zamani kweli imekufa kwa kusagika ndani, vipande vyake vya alumini vimeshatapakaa mpaka kwenye kondensa, na ukifunga nyingine bila kusafisha unaiua na hiyo. Ndiyo maana nasema hiyo iwe ya mwisho kwenye orodha.

Nimalizie na bosi wako. Anasema AC si lazima, na kwa hesabu ya mwenye gari naelewa. Lakini usimpelekee habari ya AC, mpelekee habari ya feni. Hiyo hiyo inayoshindwa kupoza kondensa ndiyo inayotakiwa kupoza injini yake. Utasema gari haijawahi kuchemsha. Muulize kama kuna fundi aliwahi kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto, mtindo umeenea mno hapa mjini. Ikitolewa, maji yanazunguka bila kizuizi na injini inaweza kuonekana baridi hata feni ikiwa mbovu, mpaka siku moja ya foleni ndefu, AC imewashwa, abiria wanne ndani. Gasketi ya silinda hedi na kusawazisha hedi havikai kwenye bei moja na kugeuza waya mbili. Kama thamostati haipo, irudishwe. Hilo ni la bosi kulipa, na AC yako itapona kwa mgongo huohuo.

Wengine mnaosoma, msichukue jibu hili kama la kila gari. AC inayopoza vizuri mwanzo halafu upepo unafifia polepole, na ukizima kwa dakika kumi inarudi, barafu imejaa kwenye evaporeta, ile sinia ya kupozea iliyo ndani ya dashibodi, na feni ya mbele haihusiki. Kama upepo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, fungua nyuma ya droo ya dashibodi uangalie filta. Magari mengi yaliyotoka Japani yanatembea hapa na filta ileile ya huko, imekuwa nyeusi tii. Kama paipu nene chini ya boneti ni baridi na inatoka jasho lakini ndani ni joto, kibao kinachochanganya hewa ya hita hakifungi vizuri. Na hapa pwani kwa unyevu huu, AC ikiwashwa robo saa bila tone la maji chini ya gari, ama evaporeta haipoi, ama bomba la kutolea maji limeziba na maji unayabeba chini ya zulia la abiria.

Kijana wangu, karatasi ikinasa na maji yasilete tofauti, niandikie tena. Unitumie namba za geji zote mbili, bluu na nyekundu, injini ikiwaka, na uniambie ilikuwa saa ngapi mlipopima.